Nani Alimletea Baba Kikohozi

Isansa, Mbozi
Jumatatu, 3 Machi 2025

Ombeni,

Salamu zikufikie wewe na wa nyumbani kwako. Sisi tupo. Mama anakula vizuri, ila asubuhi magoti yanamsumbua. Jua likishapanda anatembea mpaka kwenye migomba na kurudi. Tumpale wangu amejifungua salama huko Saza, mtoto wa kike. Mahindi mwaka huu yamesimama. Nimeanza na hayo kwa sababu Mama amesema barua isiyo na habari za nyumbani ni barua ya mahakamani.

Sasa la kwako. Jirani yetu Nesta aliporudi kuuza parachichi Tunduma Jumanne iliyopita, alinipa ujumbe kwamba unataka kuja Pasaka kumwona Mama. Ningekujibu kwa simu, lakini umeifungia namba yangu, kwa hiyo pokea kwa karatasi: hapana.

Umesahau au unajisahaulisha? Baba mdogo Nathanaeli alisema mbele ya ukoo mzima kwamba hutakanyaga hapa mpaka usimame mbele yetu ukiri ulichofanya. Ulitoka kwenye foleni yako ya malori, kwenye vumbi na makohozi ya madereva wa nchi nne, ukaingia hapa Ijumaa tarehe 12 Julai mwaka jana. Ukamshika Baba mkono. Ukamvalisha lile sweta la mtumba ulilolinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Jumamosi Baba hakuinuka kitandani, na tarehe 22 tulikuwa tunamlilia. Mzee aliyekuwa anapanda mlima kwenda kukagua kahawa yake, siku kumi tu, kwisha. Sasa amebaki mzazi mmoja, ana miaka sabini na sita na kifua chembamba, na unataka kuja kumsalimia yeye pia.

Nina swali moja tu, na sitaki hotuba. Siku ile ulipoingia mlangoni, ulikuwa unakohoa?

Ni mimi dada yako, nipende nisipende,
Ketrina

*

Tunduma
Jumanne, 11 Machi 2025

Dada Ketrina,

Nimeipokea barua, na nimefurahi kwa habari ya Tumpale. Mpe hongera za mjomba wake, kama na hongera zangu hazijapigwa marufuku. Huku tunaendelea. Felista ameingia kidato cha pili. Imelda wangu bado yuko zahanati, zamu ya asubuhi. Mimi na matairi yangu; foleni ikiwa ndefu napata kazi, ikiwa fupi napumzika.

Namba yako nimeifungia, na itabaki hivyo. Nilikutumia ujumbe wa sauti siku ya tatu baada ya msiba, nikiwa nalia, nikasema labda ni mimi niliyempelekea Baba ugonjwa. Niliyasema kwa dada yangu. Wewe ukaenda ukaicheza sauti ile kwenye kikao, mbele ya Baba mdogo na wazee wote na wake zao, watu wanamsikiliza mwanaume mzima akilia kwenye simu. Ndiyo maana nimesema mimi na wewe ni kwa karatasi. Karatasi angalau hailii.

Halafu sweta. Nimesikia ulilichoma moto nyuma ya zizi Baba akiwa hajatimiza wiki kaburini. Ukaosha viti kwa sabuni ya unga na maji ya klorini, kila kiti nilichokalia. Na madirisha? Mliyafungua? Siku zote za ugonjwa yalikuwa yamefungwa na kuzibwa na magunia kwa ajili ya baridi, na wanakwaya kumi na wanane wakaja kumwimbia mgonjwa chumba kile kile. Imelda ameniambia, na yeye kazi yake ndiyo hiyo: virusi vya mafua vinatoka kwa mtu na pumzi yake. Akikohoa vinatoka vingi, akiimba vingi, hata akiongea tu vinatoka. Chumba kikiwa kimefungwa vinabaki hewani kama moshi wa kuni, na kila aliyemo anavuta. Mkono nao unaweza kubeba, akijifuta kamasi kisha akakusalimia nawe ukajigusa pua. Lakini sweta lililokaa siku nne kwenye mfuko? Ulichoma sufu nzuri bure.

Namtaka mama yangu. Siwaombi kiwanja wala mti wa kahawa. Pasaka nitakuja.

Ombeni

*

Isansa
Jumatatu, 7 Aprili 2025

Ombeni,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nina kazi, si kwa sababu nilikosa neno. Mvua zimekuwa nyingi. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Mama alipata mafua kidogo wiki iliyopita yakaisha, na katika siku zile tatu nilijua hasira ni nini, maana kila alipopiga chafya niliiona sura yako.

Umenifundisha mambo ya pumzi. Asante, mwalimu. Wifi yangu Imelda kwa kuwa amevaa sare nyeupe anafikiri sisi wa Isansa hatujui kuuguza. Baba aliuguzwa na nani? Ni nani aliyemnywesha uji kwa kijiko, akamgeuza, akamfulia? Nani alimchemshia majani ya mkaratusi na mchaichai? Wewe ulikuja, ukakaa usiku mmoja, ulipoona mzee ana homa ukasema una lori linakusubiri mpakani. Ulirudi kubeba jeneza. Halafu mtu wa namna hiyo ananihesabia wanakwaya.

Waliimba kwa sababu Baba aliomba waimbe. Ningemwambia nini, kwamba aende mbinguni kimya kimya?

Na tuseme ni kweli, ugonjwa unapita kwenye pumzi. Basi pumzi ilikuwa ya nani? Huku kabla hujafika hapakuwa na mgonjwa. Wewe mwenyewe unasema unatoka kwa mtu, hauzuki tu kwenye ukuta. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta jibu la swali langu. Umeandika kuhusu sufu. Umeandika kuhusu madirisha. Ulikuwa unakohoa, ndiyo au hapana?

Pasaka usije. Baba mdogo ameshaambiwa.

Ketrina

*

Tunduma
Jumanne, 22 Aprili 2025

Ketrina,

Leo neno dada silioni. Wa hapa wazima, na huko najua ni wazima kwa sababu nimewaona kwa macho yangu, hatua kumi na tano kutoka kwenye ua.

Nilikuja Jumamosi kama mtu aliyeagizwa na daktari. Nilikuwa sina mafua, sina homa, na wiki mbili kabla Imelda alinikataza kukaa kwenye vibanda vya chai na madereva. Nilivaa barakoa tangu Mlowo, watu kwenye gari wananishangaa. Sikuomba kuingia ndani. Nilimwambia Baba mdogo niwekewe kigoda uani, upande wa upepo, Mama akae barazani, tuongee kwa sauti kama watu wa mashamba mawili. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na mikono kiunoni. Mama akatokea dirishani akaniita, "Mwanangu, mbona umekonda?" Ukavuta pazia. Mbele ya macho yangu, Ketrina. Nimezaliwa na yule mama, na wewe umemfunika kama mzigo.

Sasa nitasema jambo ambalo nimelikalia miezi tisa. Sikulitumia kwenye kikao, na wewe unajua kwamba sikulitumia.

Siku ya mazishi Mama alikuwa anakusifu kwangu. Alisema, "Dada yako ndiye aliyemtunza baba yako, mpaka Jumatano ile walijifukiza pamoja." Nikamuuliza Jumatano ipi. Akasema ile kabla sijafika. Kwamba wewe ulirudi Jumanne kutoka Igamba kwenye mazoezi ya kwaya za wilaya ukiwa huna sauti, mwili unauma. Jumatano ukachemsha nyungu yako. Baba alikuwa mzima, ila alilalamika baridi ya magoti, ukamwambia njoo Baba, na wewe mvuke ukukinge. Mkainama juu ya sufuria moja, mmefunikwa blanketi moja, wewe unakohoa na yeye anavuta. Kwa muda gani? Mama alisema mpaka maji yakapoa.

Nilimweleza Imelda. Akasema mvuke unafungua pua lakini virusi hauviui, na kwamba hajasikia chumba kidogo kuliko blanketi hilo.

Mafua ya namna ile hayamwangushi mtu saa ile ile. Yanakaa ndani siku moja, mbili, hata nne, ndipo homa inapanda. Hesabu mwenyewe. Mimi nilifika Ijumaa saa kumi jioni. Mama anasema Ijumaa asubuhi Baba alishaacha uji nusu na kuomba aote moto. Mimi wakati huo nilikuwa chini ya lori, Tunduma.

Sikutaka kukuandikia haya. Pazia ndilo lililoniandikisha.

Ombeni

*

Isansa
Jumatatu, 12 Mei 2025

Ombeni,

Mama mzima. Mahindi yamekauka, wiki ijayo tunavuna.

Barua yako nimeisoma mara moja nikaiweka kwenye Biblia, si kwa heshima, ila kwa sababu ndipo watoto wa watu hawapekui. Una moyo mgumu kuliko nilivyodhani. Umemchukua mama mwenye uchungu wa kufiwa, ukamchokonoa maneno kwenye msiba, ukayaweka akiba miezi tisa kama mtu anayeivisha ndizi, ili siku moja unitupie mimi. Mimi niliyebaki. Wewe ulipokwenda Tunduma kutafuta maisha nani alibaki? Nilimwacha mume wangu Igamba nikarudi kuwatunza wazazi wako, akaoa mwingine, na hakuna aliyeniita kwenye kikao kunipa pole.

Kujifukiza ni dawa. Tumejifukiza tangu tukiwa watoto, na wewe ulikuwa unaingizwa humo ukilia, na hujafa.

Swali langu hukujibu. Nauliza mara ya tatu sasa. Mtu asiye na kitu angejibu siku ya kwanza.

Usiniandikie tena.

K.

*

Tunduma
Jumanne, 3 Juni 2025

Dada,

Najua ulikataza. Nesta amekubali kubeba hii ya mwisho, ukitaka ichome kama sweta, lakini kwanza isome.

Felista anawasalimu. Huku baridi imeanza, na nyinyi wa milimani najua imewafikia kabla yetu.

Swali lako. Ndiyo. Nilikuwa nakohoa. Nilianza wiki moja kabla, na ile Ijumaa kilikuwa kimebaki kikohozi kikavu. Pale stendi ya Vwawa nilinunua dawa ya maji nikainywa nusu chupa, na mfukoni nikaweka pipi za kifua, ili nikifika nisikohoe mbele ya Baba. Sikuogopa kumwambukiza. Ukweli ni kwamba hilo sikuliwaza hata kidogo. Niliona aibu, nilitaka anione mzima, mtu wa mjini aliyefanikiwa, amemletea baba yake sweta. Nilikaa naye sebuleni kwa saa tatu, bega kwa bega, nikimeza kikohozi. Imelda hakujua kuhusu pipi mpaka wiki iliyopita nilipomwambia. Amekasirika mpaka leo. Ameniambia nilimhesabia dada yangu siku zake nikazificha zangu.

Anasema huenda ugonjwa wangu ulikuwa umeshakwisha nguvu, siku saba ni nyingi. Anasema Baba alishaanza kuugua kabla sijafika. Anasema pia hakuna anayeweza kuapa. Basi sijui. Baba anaweza kuwa aliupata kwako, au kwangu, au kwa mchuuzi aliyempa mkono mnadani. Mtu huanza kuutoa hata kabla hajajijua ni mgonjwa, hiyo ndiyo shida yake.

Mpelekee Baba mdogo karatasi hii. Ina jina langu chini. Soma mbele ya ukoo, safari hii nimekupa mwenyewe.

Sijaacha kukuchukia kwa lile pazia. Lakini Mama yuko mikononi mwako na Julai inakuja, kwa hiyo nisikilize kwa dakika moja kama vile ni mtu mwingine anayesema. Fungua madirisha mchana hata kama baridi inauma, mfunike yeye blanketi, usiyafunike madirisha. Watu wakija kumwamkia wakae barazani. Na mwenye mafua, hata yawe madogo namna gani, asimsogelee; avae barakoa, alale nyumba nyingine, mwingine amhudumie. Mwenye mafua yeyote, Dada. Hata kama ndiye anayempenda zaidi.

Ombeni Jairo

*

Isansa
Alhamisi, 3 Julai 2025, saa mbili asubuhi

Ombeni,

Jana mchana Baba mdogo alikupigia kwa ajili yangu mara nne, nayo simu yake umeifungia. Jastin wa bodaboda anakuletea hii, mpe maji ya kunywa.

Mama ni mzima. Usitetemeke, ni mzima. Tangu juzi koo langu linawasha, jana sauti ikakatika, usiku nikawa na homa. Koo lilinianza nikiwa nampa uji. Nikaweka bakuli chini nikatoka. Nimehamia nyumba ya jikoni na mkeka wangu. Nimewaambia wa kwaya wasije. Madirisha yako wazi tangu ulipoandika, hata wakati nilikuwa nakutukana niliyafungua.

Barua yako ya mwezi wa sita sikumpelekea Baba mdogo. Nilikaa nayo mwezi mzima. Nilitaka kuipeleka, nilivaa hata kanga. Nikafika kwenye njia panda nikarudi, kwa sababu angeniuliza, na wewe Ketrina, Jumatano ilikuwaje?

Ilikuwa hivi. Baba hakuomba. Alikuwa ameketi nje juani, mimi nikamfuata, nikamwambia ingia na mimi Baba, peke yangu naona giza humo ndani. Nilikuwa nataka mtu wa kukaa naye. Alicheka, akasema binti yangu mzee huyu anaogopa blanketi. Akaingia. Nilimkoholea usoni, Ombeni, na kila nilipokohoa alinipapasa mgongo. Ijumaa asubuhi alipoacha uji nilijua. Wewe ulipoingia jioni na sweta lako nilimshukuru Mungu kwamba umekuja, kwamba kuna mtu wa kulaumiwa. Nilicheza sauti yako kwenye kikao ili yangu isisikike. Jana jioni nimemwambia Baba mdogo, nikiwa nimesimama nje ya ua wake. Aliinuka akanifungia mlango.

Sitaki uniambie pole. Wala sijakusamehe zile pipi.

Mama yuko peke yake nyumba kubwa. Hawezi kuinua sufuria wala kujishika vizuri akienda chooni. Tumpale ana mtoto mchanga, simwiti. Nesta amempikia jana na leo asubuhi kupitia mlango wa nyuma, lakini ana watoto wake na wawili wanapiga chafya, kesho nimemkataza. Hakuna mwingine. Kama unakohoa, hata kidogo, kaa huko, mtume Imelda. Kama ni mzima panda gari sasa hivi.

Ukifika ingia moja kwa moja ndani kwa Mama. Usipite jikoni kunisalimia.

Ketrina